Kuchora Udongo na Kuchora kwa Rangi: Historia Fupi ya Maneno ya Maonyesho ya Sanaa

Tangazo la maonyesho ya sanaa huwa fupi. Aghalabu hutaja msimu, hutaja nyumba ambamo maonyesho yatafanyika, kisha hutaja aina za kazi zitakazotundikwa ukutani au kupangwa juu ya meza, nazo ni picha za rangi, michoro na vyombo vya udongo. Na mwishoni huongezwa kwamba kazi zote hizo ni za kisasa. Katika lugha za Ulaya tangazo la namna hii halimsumbui mtu, kwa kuwa maneno yake yamekwisha kuzoeleka kwa zaidi ya miaka mia mbili. Lakini mwenye kutaka kuliweka tangazo hilohilo katika Kiswahili sanifu hugundua upesi kwamba hakuna neno hata moja kati ya hayo ambalo halina kesi yake.

Katika makala haya nimekusudia kuifuata historia ya maneno hayo, na nitaianzia mahali ambapo pengine msomaji hakupatarajia, yaani delta ya Mto Rufiji na nchi ya Kibiti inayopakana nayo. Sababu ya kuanzia huko si wingi wa majumba ya sanaa. Sababu ni udongo. Katika sehemu hizo udongo umefinyangwa na kuchorwa kwa muda unaokaribia miaka elfu mbili, na kitenzi kuchora, ambacho leo wachoraji wa mijini wamekifanya kuwa chao, kilikuwa na kazi kwenye vitu vyenye kukatika na kutoboka, kama vile mbao na udongo mbichi, tangu zamani kabla karatasi hazijaenea.

Nianze na msimu, maana jambo lake halina urefu. Desturi ya maonyesho ya kiangazi ilipata umaarufu katika Royal Academy ya London, ambayo imeyafanya kila mwaka tangu 1769. Huko kaskazini msimu huo ndio wa jua, siku ndefu na matembezi, na kwa hiyo watu hutoka kwenda kutazama picha. Mfasiri akiandika "maonyesho ya kiangazi" kwa msomaji wa Kibiti atakuwa amemletea picha nyingine kabisa. Kwetu kiangazi ni ukame na majani makavu. Tena miezi ya Juni na Julai, ambayo London ni kiangazi, pwani yetu huitwa kipupwe, nao ni wakati wa baridi kidogo na upepo wa kusi. Warufiji wameihesabu miaka yao kwa mto: mvua za masika, maji kupanda na kufunika mabonde, kisha maji kushuka na wakulima kupanda mazao ya mlau kwenye udongo uliobakiwa na unyevu. Kwa hiyo tafsiri iliyo salama ni kutaja miezi, basi. Hata hivyo liko jambo moja la kuchekesha hapa. Mfinyanzi naye kazi yake huipenda kiangazi, kwa sababu chungu kisichokauka barabara hupasuka motoni, na kuni zilizolowa hazichomi chungu. Kwake yeye "kazi za kiangazi" lingekuwa jina lenye maana, ingawa maana hiyo wenye Royal Academy hawakuifikiria.

Neno maonyesho lenyewe lina asili iliyo wazi. Kutokana na ona tumepata onya na onyesha. Kumwonya mtu ni kumfanya aione hatari, na kumwonyesha ni kumfanya akione kitu. Katika Tanzania neno hili limeenea zaidi kwa njia ya viwanja vya Sabasaba na Nanenane, ambako huonyeshwa mashine, mifugo, vitambaa na mbegu. Mtu wa kawaida akisikia "maonyesho" hufikiri kwanza mahema, vumbi na bidhaa, wala si ukumbi wenye kimya ambamo watu husimama mbele ya picha. Hilo si kosa, bali ni ushahidi kwamba neno lina uhai.

Taabu imetoka upande mwingine. Waliopanga sanaa za taifa letu kwa mafungu walihitaji jina la jumla la tamthilia, ngoma, sarakasi na mengine ya jukwaani, wakaliita fungu hilo sanaa za maonyesho. Uchoraji, uchongaji na ufinyanzi vikaitwa sanaa za ufundi. Mgawanyo huo umekaa katika matumizi ya Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, na umeingia katika vitabu vya shule. Matokeo yake ni kwamba kazi zinazofanyiwa maonyesho, yaani picha na vyungu, haziitwi sanaa za maonyesho, na zile zinazoitwa sanaa za maonyesho mara nyingi hufanyiwa kitu kinachoitwa igizo, utendaji au burudani. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, mwalimu hana jibu zuri la kumpa.

Rufiji inaonyesha vizuri jinsi mgawanyo huu ulivyofanya kazi. Katika fungu la jukwaani, Rufiji ina jina kubwa. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza. Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika sekondari ameipata Rufiji kwa njia hiyo. Katika fungu la pili, lile la ufundi, Rufiji haitajwi kabisa, ila labda kwa mikeka. Mtu angeweza kudhani kwamba watu wa huko walijua kusema na kucheza tu, wasijue kuchora.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno ambalo limenifanya niandike. Kamusi za Kiswahili zilizotungwa mwanzoni mwa karne ya 20 zinapoeleza kitenzi chora hutanguliza maana ya kukata alama, kutia nakshi, kupamba kwa mistari iliyochimbwa. Maana ya kuchora picha kwenye karatasi hufuata nyuma, na pengine huja pamoja na maana ya kuandika ovyo, kama mtoto anavyochorachora ukutani. Mchoro kwa maana hiyo ya asili ni mfuo uliokatwa na chombo chenye ncha. Fundi wa milango alichora, mchongaji wa viti alichora, na mfinyanzi alichora.

Tutazame mfinyanzi wa pwani yetu anavyofanya, na aghalabu mfinyanzi huyo ni mwanamke. Huchimba udongo mweusi au wa kijivu, huuondolea mizizi na mawe, huuponda, huuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Hana gurudumu, huinua kuta za chombo kwa mikono, huku akikizunguka au akikizungusha, kisha huzilainisha kwa kombe, kwa gunzi la muhindi au kwa kokoto laini ya mtoni. Chombo kikiwa kimeanza kukauka lakini bado kinaitika kidole, huchukua kijiti au ukingo wa kombe akakata mistari shingoni au begani mwa chungu. Ndiyo kuchora huko. Hana nafasi ya kufuta sana, maana udongo huendelea kukauka, na hachori kwa jicho moja lililo mbele ya karatasi bapa, bali huchora akizunguka, na mstari wa mwisho sharti ukutane na wa kwanza. Msomaji aliyewahi kujaribu kugawa duara katika pembetatu zilizo sawa bila rula atajua kwamba hiyo si kazi ya kudharau. Kisha chombo hukaushwa kivulini, huchomwa juu ya ardhi kwa kuni, makumbi na majani, na michoro ile hudumu kuliko wino wowote.

Inadumu kiasi gani, jibu limetoka ardhini. Mahali paitwapo Mkukutu, karibu na Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua vigae vya wafuachuma wa kwanza wa pwani pamoja na shanga za kioo zilizotoka katika dola ya Kirumi, akatangaza habari hizo 1999. Shanga ndizo zilizopata sifa, kwa sababu ziliunganisha delta ya Rufiji na biashara ya Bahari ya Hindi inayotajwa katika kitabu cha safari cha Kigiriki cha karne ya 1, kile kinachozungumzia bandari ya Rhapta. Mimi navutwa zaidi na vigae. Shanga zilikuja na wageni, bali vigae vilifinyangwa na wenyeji, na juu yake imo mifuo, mikunjo na michoro iliyopangwa kwa utaratibu. Baada ya wafinyanzi hao walikuja wengine, kuanzia yapata karne ya 6 hadi ya 10, ambao walikata safu za pembetatu shingoni mwa vyombo na kuzijaza mistari. Vigae vya namna hiyo vimepatikana toka pwani ya Kenya hadi Msumbiji na Komoro, na hata bara.

Yafaa tusimame kidogo kwenye majina ya vigae hivyo, kwa kuwa jambo hilo linahusu istilahi moja kwa moja. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na baadaye Manda, alivigawa vyombo alivyovipata. Vilivyotoka ng'ambo alivipa majina ya nchi na ya wafalme wa huko. Vilivyofinyangwa hapahapa aliviita vyombo vya jikoni. Wengine walikuja kuviita kwa majina ya mahali vilikoonekana kwanza, kama vile Wenje au Tana. Chami ndiye aliyependekeza viitwe kwa kile mfinyanzi alichokifanya, yaani vyombo vyenye michoro ya pembetatu, na jina hilo limekubaliwa na wanaakiolojia wengi, ingawa si wote. Wanaakiolojia watabishana juu ya ramani na tarehe. Hiyo ni kazi yao. Sisi wa istilahi tuone kwamba jina la kwanza lilimwambia msomaji kitu kilitumika wapi, na jina la mwisho likamwambia kwamba kitu kilichorwa. Chungu ni kilekile. Kilichohama ni heshima yake, kutoka jikoni hadi mkononi mwa mchoraji.

Kabla ya kuondoka kwenye kuchora, nitaje neno moja jirani. Nembo, ambalo leo tunalijua katika Nembo ya Taifa na nembo za mashirika, lilikuwa jina la alama zilizochanjwa mwilini kwa desturi ya ukoo au kabila. Kwa Wamakonde na Wamakua, mistari na pembe zilizochorwa usoni ni jamaa wa karibu wa zile zilizochorwa chunguni. Neno hilo lilitoka kwenye ngozi likapanda hadi kwenye mhuri wa Serikali, na hakuna aliyelalamika kwamba lina asili duni. Huo ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba lugha yetu haioni haya kulitoa neno kwenye kazi ya mikono na kulipa cheo.

Neno kauri lilikuwa na safari ya aina nyingine. Kwanza ni jina la kombe dogo jeupe lenye kung'aa, ambalo zamani lilitumika kama fedha katika nchi nyingi. Kisha likawa jina la vyombo vyeupe vinavyong'aa vilivyoletwa na majahazi kutoka China na Uajemi, ambavyo vipande vyake vimezagaa Kilwa, Mafia na magofu yote ya pwani. Waitalia nao walifanya vivyo hivyo: neno lao porcellana, ambalo limeingia katika lugha nyingi za Ulaya kwa maana ya chombo cha Kichina, lilikuwa kwanza jina la kombe hilohilo. Watu wa pande mbili za dunia walikiona chombo kigeni, wakakumbuka ganda la baharini. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler, alipozuru pwani hii 1955, alidai kwamba historia ya Tanganyika iliyozikwa ardhini tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya China. Ni kauli yenye kupendeza, lakini mwenye kuhesabu vigae mahali popote pa pwani atakuta sehemu kubwa mno ni vya wafinyanzi wa hapa. Kama ni maandishi, basi mengi yaliandikwa kwa mkono wetu.

Natoka delta sasa na kwenda kwenye kuta zenye picha, maana ndiko maneno haya yalikopata maana yake ya leo. Maonyesho ya uchoraji kwa maana ya sasa yaliingia Afrika Mashariki kwa njia ya shule. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Kampala katika miaka ya 1930, na shule yake ikawa sehemu ya Makerere. Miongoni mwa Watanganyika waliopitia hapo ni Sam Ntiro, aliyezaliwa 1923 Kilimanjaro, akasoma pia London, akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika huko Uingereza baada ya Uhuru. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku imo katika mkusanyo wa Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alianzisha Marangu nyumba ya maonyesho aliyoipa jina la Kibo, na 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi. Jina hilo la mwisho ni somo kwa sisi tunaounda maneno: linacheza na paa mnyama na paa ya kuruka juu, halikutafsiriwa kutoka lugha yoyote, na hakuna aliyelazimika kulieleza mara mbili kwa Mswahili.

Dar es Salaam ilikuja na mfano wake mwaka 1972, ilipoanzishwa Nyumba ya Sanaa. Vijana walichora, walichapa, walitia rangi vitambaa, walichonga na kufinyanga chini ya paa moja. George Lilanga, Mmakonde aliyefika hapo miaka ya 1970 akiwa mchongaji, na kwa muda akafanya kazi ya ulinzi, alitoka hapo akiwa mchoraji anayejulikana Ulaya na Marekani, alifariki 2005. Mashetani wake wenye masikio makubwa alikuwa ameyachonga kwenye mti kabla ya kuyahamishia kwenye karatasi na rangi, kwa hiyo yeye mwenyewe alipita njia ileile ambayo kitenzi chake kilipita. Mwaka huohuo wa 1972 ndio aliofariki Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyekuwa ameanza miaka michache tu nyuma kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, kwenye vibao vya mraba vya dari, na kuziuza Oysterbay.

Jambo la kuangalia ni hili: wote hao watu wamewaita wachoraji. Hakuna aliyemwita Tingatinga mpaka rangi, maana mpaka rangi ni yule wa nyumba na mageti. Kiswahili cha Dar es Salaam kilikichukua kitenzi cha kijiti na kisu, kikakifanyia kazi ya brashi pia. Wafasiri wanaotaka kutenganisha picha za rangi na michoro ya kalamu, kama Wazungu wanavyotenganisha, hujikuta wakilazimisha ukuta ambao wasemaji hawakuujenga. Nimewahi kuona majaribio ya kila namna: "upakaji" kwa moja na "uchoraji" kwa nyingine, "usanifu wa rangi", hata "uchoraji mkavu". La kwanza humfanya msanii fundi wa kuta, la pili humfanya mhandisi, na la tatu silielewi.

Kwa maoni yangu, na hapa nasema kwa niaba yangu mwenyewe, uchoraji ubaki neno mama. Palipo na haja ya kutenganisha, tuseme uchoraji wa rangi na uchoraji wa mistari; na kazi yenyewe iitwe picha ya rangi au mchoro. Faida ya kufanya hivyo ni kwamba mlango unabaki wazi kwa aina ya tatu, ambayo matangazo ya Ulaya hayaihesabu, nayo ni uchoraji wa kukata, uwe wa udongoni, mtini au ngozini. Mfinyanzi wa Rufiji akiingia katika nyumba ya maonyesho ataingia kwa miguu miwili, wa ufinyanzi na wa uchoraji.

Na hicho chombo chake tukiiteje aina yake? Wapo wanaoandika seramiki, na wapo wanaoandika kauri kwa kila kilichotoka tanurini. La kwanza halina ubaya ila halina kazi, kwa kuwa ufinyanzi tunao, na hueleweka hadi kijijini. La pili ni kosa la maana. Kauri ni chombo kilichochomwa kwa joto kali mno na kufunikwa na ngozi inayong'aa kama kioo. Chungu cha Kibiti si kauri. Lakini pia vyombo vya Magdalene Odundo si kauri, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Odundo alizaliwa Nairobi 1950. Akiwa mwanafunzi katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichofanyia kazi Ladi Kwali, mwanamke aliyekuwa amejifunza kufinyanga kijijini kwao kwa mkono, bila gurudumu, na kuchora mijusi na nyoka tumboni mwa mitungi yake. Mitungi hiyo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa London mwishoni mwa miaka ya 1950, na sura ya mama huyo leo imo katika noti ya Naira 20. Odundo huinua vyombo vyake kwa mkono, huvisugua kwa kokoto hadi viteleze, huvichoma vikawa vyekundu, na vingine huvichoma tena penye moshi vikawa vyeusi. Havina ile ngozi ya kioo. Vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na 2020 alipewa cheo cha heshima nchini Uingereza kwa ajili ya kazi hiyo. Tukiviita kauri tutakuwa tumesema uongo juu ya jinsi vilivyofanywa. Tukiviita kazi za ufinyanzi tutakuwa tumesema kweli, na tutakuwa tumetumia neno lilelile analolitumia mama wa Kibiti anayeuza mitungi kando ya barabara ya Lindi.

Hapo wengine watasema: lakini cha Odundo ni cha kisasa, na cha Kibiti ni cha jadi. Hili ndilo lenye madhara kuliko yote. Kisasa kimetokana na sasa, na maana yake ya wazi ni cha wakati huu. Mtungi uliochomwa Kibiti mwaka huu ni wa mwaka huu. Picha iliyochorwa mwaka huu kwa mtindo wa Paris wa 1900 nayo ni ya mwaka huu. Kwa nini basi lebo ya picha iandikwe "sanaa ya kisasa" na lebo ya mtungi iandikwe "ufundi wa jadi"? Maneno hayo mawili hayapimi wakati tena, bali yanapima daraja, na yanapima kwa mizani ambayo hatukuitengeneza sisi. Sanaa ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kazi ya mikono, utengenezaji, ufundi. Kwa hiyo waliosema sanaa za ufundi walisema kitu kimoja mara mbili, na walioacha ufundi upande mmoja na sanaa upande wa pili wamelipasua neno lisilokuwa na ufa.

Dalili ya mpasuko huo huonekana kwenye vibandiko. Chini ya picha huandikwa jina la mtu, mwaka, na mara nyingi bei. Chini ya chungu huandikwa "Chungu, Rufiji", au jina la kabila, kana kwamba kabila zima lilikaa likakifinyanga. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, wakimaanisha kwamba mwenye kutengeneza vyombo vizuri mwenyewe hulia kwenye kigae. Hawakusema kwamba hana jina. Nashauri wenye nyumba za sanaa, na neno hili nyumba ya sanaa nalipendekeza kwa matumizi ya jumla kwa herufi ndogo, waandike kibandiko cha chungu kama wanavyoandika cha picha: jina la mfinyanzi, kijiji, mwaka wa kuchomwa, aina ya mchoro. Pale jina lisipojulikana, iandikwe "mfinyanzi hakutajwa", ili mtazamaji ajue kwamba mtu alikuwapo na aliyekusanya hakumwuliza. Na neno kisasa litumike kwa wakati tu. Likihitajika neno la mtindo, mtindo utajwe.

Imebaki haja ya majina ya sehemu na ya hatua. Mdomo, shingo, bega, tumbo na kitako tunavyo. Lakini hatuna neno moja lililokubalika la ile rangi ya udongo mwembamba anayopakwa mtungi kabla ya kusuguliwa, wala la hali ile ya udongo kukauka nusu, unapokubali kuchorwa bila kukunjika, ambayo kwa mfinyanzi ndiyo saa ya kazi. Bila shaka wafinyanzi wa Kibiti, Nyamisati, Utete na Mohoro wana maneno yao kwa yote mawili, yawe ya Kiswahili, ya Kindengereko, ya Kimatumbi au ya Kirufiji. Wasomaji wanaoishi au kufanya kazi sehemu hizo wanaombwa kuyaandika kama yanavyosemwa, pamoja na mahali yaliposikika na jina la aliyeyasema kama ameridhia, na kuyapeleka kwa mhariri.